JzU shuleni kwako: namna ya kuianzisha ikaishi, isiishie kwenye faili na picha za grupu la kata

Walimu wenzangu habari za majukumu. Hii nawaandikia hasa wale walimu wa taaluma na waratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) wa shule za msingi, au mwalimu yeyote ambaye kaambiwa tu "shule iwe na Jumuiya ya Ujifunzaji" (ndo hiyo JzU, walimu kukaa kwa makundi na kujifunza wao kwa wao) afu akakabidhiwa faili tupu na tarehe ya mwisho ya kutuma taarifa. Walimu wa sekondari nanyi mnaweza kuchukua, mbadilishe tu masomo.

Sote tunajua mafunzo kazini yalivyokuwa. Anaitwa mwalimu mmoja semina wilayani, anakaa huko siku kadhaa, anarudi na mkoba, kofia na posho, sisi tuliobaki tumemshikia madarasa hatuambulii hata kile kitini. Akiulizwa "umetuletea nini" anasema ntawapa mrejesho, na mrejesho haufiki hadi semina nyingine. MEWAKA imekuja kugeuza hilo, kwamba mafunzo yafanyike hapahapa shuleni, walimu wenyewe wakae kwa jumuiya zao, wachambue kazi yao, TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wanaweka moduli kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na miradi kama Shule Bora na BOOST imesukuma sana hilo jambo. Wazo ni zuri kabisa. Tatizo ni kwamba kwenye shule nyingi JzU imegeuka kikao kingine cha walimu: mkuu anaongea weee, mratibu anasoma moduli kama risala ya mgeni rasmi, watu wanasaini mahudhurio, inapigwa picha, inarushwa kwenye grupu la kata, kwisha habari.

Mimi kwa mtazamo wangu tofauti ya JzU inayofanya kazi na ile ya picha ni moja tu, je juu ya meza kuna madaftari ya wanafunzi au hakuna. Kama hakuna mtaongelea wazazi wasiojali, madarasa yaliyofurika, mtaala, mishahara, na yote ni kweli tupu lakini hakuna hata moja mtakaloliondoa jioni hiyo. Madaftari yakiwepo mtaongelea kujifunza. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo.

HATUA YA 1: Malizana na mwalimu mkuu kabla hujaita mtu yeyote

Usianze kwa kutangaza kwenye kikao. Mfuate ofisini kwa utulivu, "Mkuu, shikamoo, naomba dakika kumi", afu muombe mambo matatu. La kwanza, muda uingie kwenye ratiba ya shule, ubandikwe ukutani kabisa, sio "tukipata nafasi", maana nafasi haipatikani shuleni hata siku moja. La pili, yeye aje kama mwalimu, akae kwenye kiti kama wengine, asiendeshe. Hapa wengine wanaogopa kusema, lakini sema kwa heshima, wakuu wengi wakielezwa vizuri wanafurahi kupunguziwa mzigo. La tatu ndo zito: yanayosemwa kwenye JzU yasigeuke ushahidi. Mwalimu akikiri "mimi sehemu hazijanikaa vizuri kuzifundisha", kesho yake asisikie hilo kwenye paredi ya walimu wala lisiibuke wakati wa kujaziwa PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Hilo likivunjika mara moja tu jumuiya imekufa, mtabaki mnakutana lakini kila mtu kaweka kufuli mdomoni.

Na kama mkuu ni wa kufoka? Basi anzeni wawili au watatu kwenye somo lenu kimyakimya, mtaarifu tu kwamba mnaandaa masomo pamoja, hakuna mkuu atakayekataza hilo. Matokeo ya jaribio yakionekana atakuja mwenyewe kuuliza.

HATUA YA 2: Gawa watu, wasizidi wanane

Shule ya walimu ishirini na kitu mkikaa wote mezani ni mkutano wa hadhara, wataongea watatu walewale. Gawanyeni. Njia rahisi ni awali, la kwanza na la pili wakae pamoja kwa ajili ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), afu la tatu mpaka la saba wajigawe kwa masomo, Hisabati na Sayansi huku, lugha kule, Maarifa na mengineyo pale. Watano mpaka wanane inatosha.

Shule yenye walimu wanne (zipo nyingi tu huku vijijini, tusidanganyane) haina haja ya kujigawa, ila mzungumze na Afisa Elimu Kata muungane na shule jirani walau mara moja kwa mwezi, mnakutana pale pa katikati au kwenye kituo cha walimu kama kipo karibu. Usafiri wa bodaboda nani analipa mliongee mapema, msiliache hewani.

Mwezeshaji sio lazima awe mwenye digrii wala mwenye maneno mengi. Mtafute anayejua kunyamaza, anayeweza kuuliza swali afu akasubiri. Wawekeni wawili, maana uhamisho, likizo ya uzazi na masomo huwa havipigi hodi.

Neno kuhusu wakongwe. Kila shule ina mwalimu ambaye kafundisha wazazi wa hawa watoto, na ukimletea mambo ya JzU anakwambia "mwanangu haya tuliyafanya kabla hujazaliwa". Usibishane naye. Mara nyingi anasema kweli, ana mbinu za kufundisha kusoma ambazo hazipo kwenye moduli yoyote ila hazijawahi kuandikwa. Mfuate pembeni, "mzee wangu, Alhamisi naomba utuoneshe unavyoanza silabi na watoto wa la kwanza", afu yule kijana wa ajira mpya mwenye simu nzuri arekodi. Mkongwe akishapewa kiti chake atakuwa wa kwanza kufika. Na walimu wa kujitolea msiwaache nje eti hawana cheki namba ya ajira ya serikali, wanafundisha watoto walewale.

HATUA YA 3: Muda, chai, na lile swali la posho

Muda: saa moja, isizidi. Mara moja kila wiki mbili ni bora kuliko kila wiki mkaishia njiani. Saa 8:30 mchana mpaka 9:30 alasiri, ndani ya saa za kazi, kwa sababu ukishaingia muda wa mtu kwenda kwenye kuku wake, tuisheni au kumpokea mtoto chekechea, umempoteza hata kama mwili upo. Shule zenye mikondo miwili, asubuhi na mchana, hapo ni ngumu kweli, wengi wanatumia ile nafasi ya kupishana kwa dakika arobaini, fupi lakini inawezekana kama swali lenu ni moja.

Ijumaa mchana achaneni nayo. Mnajua wenyewe.

Posho. Kuna atakayeuliza, na akiuliza msimcheke wala msimhubirie uzalendo. Mjibu tu moja kwa moja: hamna posho, haitakuwepo, ila tunakaa ndani ya saa za kazi, na tunalenga kupunguza kazi, sio kuongeza. Hili la mwisho lazima liwe kweli! Kama mmeandaa somo pamoja basi kila mmoja aondoke na andalio la somo ambalo asingekaa usiku kuliandika. Mkisahihisha pamoja, aondoke na daftari ambazo angeenda nazo nyumbani. Mwalimu akiona JzU imemuokolea jioni moja, swali la posho linapungua sauti lenyewe. Chai na mihogo au vitumbua mchangishane au mkuu aangalie fungu, ila chai iwepo, watu hawachambui kitu na njaa saa tisa.

HATUA YA 4: Tafuta swali dogo

Hapa ndo wengi wanapotelea. Swali kama "tutainuaje taaluma ya shule yetu" halina jibu, linazaa hotuba. Swali linalofaa linamhusu mtoto, mada na kosa. "Kwa nini watoto wa la nne wanasoma kifungu kwa sauti vizuri afu wanashindwa kujibu maswali yake?" "Kwa nini watoto wanajua kujumlisha sehemu zenye asili moja ila asili zikitofautiana wanajumlisha juu kwa juu chini kwa chini?"

Maswali mnayapata wapi? Kwenye madaftari kwanza. Pili kwenye majaribio yenu ya mwezi, swali lililokosewa na darasa karibu zima. Tatu, NECTA (Baraza la Mitihani) huwa wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zipo kwenye tovuti yao bure, swali kwa swali, na sampuli za majibu ya watoto kwa mwandiko wao, na wanaeleza kwa nini wengi walikosea. Yaani ni hazina, na ukiuliza walimu kumi ni wangapi wamewahi kuifungua utashangaa. Pakueni ya somo lenu, soma ukurasa mmoja tu kwenye kikao, linganisheni na wa kwenu.

Mtaala mpya nao, huu ulioanza Januari 2024 na awali, la kwanza na la tatu, unaleta maswali yake bila kutafuta, na mkongwe na wa ajira mpya wote ni wageni humo.

HATUA YA 5: Kikao chenyewe, tuseme ni kutoa kwa kukopa

Niwaoneshe kwa mfano ili isiwe maneno matupu. Kundi la Hisabati, darasa la tatu, swali lililowasumbua watoto ni 402 − 178. Mwalimu wa darasa analeta madaftari ishirini hivi, sio ya vipanga tu, achanganye. Yanamwagwa mezani. Kazi ya kwanza sio kuongea, ni kuyapanga kwa mafungu kulingana na jibu. Usiweke "kapata" na "kakosa", weka jibu na jibu lake.

Fungu la kwanza ni 224, hao wamepata. Fungu la pili wameandika 376. Hapo kimya kidogo, mwalimu mmoja anachukua kalamu anafuatilia: kwenye mamoja 2 kutoa 8 haiwezekani kwa hiyo mtoto kageuza, 8 kutoa 2 ikawa 6, kwenye makumi kageuza tena 7 kutoa 0 ikawa 7, mamia 4 kutoa 1 ni 3. Mtoto huyu hajui kukopa kabisa, kwake kutoa ni kubwa toa ndogo popote ilipo. Fungu la tatu 234. Huyu ni mwingine tofauti kabisa! Huyu anajua kukopa, kachukua mia moja kaifanya makumi kumi, mamoja kayapa ikawa 12, 12 toa 8 ni 4 sawasawa, ila alipotoa kumi moja kuyapa mamoja akasahau kwamba makumi yamebaki 9, akafanya 10 toa 7 akapata 3. Kosa lake ni hatua moja tu.

Sasa angalia, kwenye kitabu cha alama hawa wote wawili wana sifuri, na wote wangeambiwa "rudieni zoezi". Wakati mmoja anahitaji vijiti na kufungua fungu la kumi kwa mikono yake mwanzo kabisa, na mwenzie anahitaji tu kuandika ile 9 juu ya sifuri. Walimu wakishaliona hilo kwa macho yao hutaji tena neno "motisha", wanaanza wenyewe kubishana wa kwangu wapo fungu gani.

Mwezeshaji auzuie mjadala usikimbilie suluhisho kabla mafungu hayajaisha, na mtu akisema "hawa watoto ni wavivu" amuulize kwa upole, "sawa mwalimu, lakini huyu wa 376 alikuwa anafikiria nini?" Swali hilo lirudieni mpaka lizoeleke.

Dakika kumi na tano za mwisho mnakubaliana kitu kimoja cha kujaribu. Kimoja. Mfano, kila mwalimu wa la tatu atatumia mafungu ya vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na mafungu kumi yakifungwa pamoja kuwa mia, mtoto afungue mia, afu afungue kumi, aone mwenyewe makumi yamebaki 9 mezani. Vijiti vipo nje, mpira wa kufungia hata wa tairi la baiskeli unatosha, hakuna haja ya kusubiri zana kutoka halmashauri.

HATUA YA 6: Nendeni mkaangalie darasani, ila mwangalie watoto

Kikao peke yake hakitoshi. Ndani ya wiki hizo mbili mmoja afundishe lile somo mlilopanga pamoja na wengine wawili watatu waingie kuangalia. Wajapani wana utamaduni huu miaka mingi, na jirani zetu Kenya waliuanza upande wa Hisabati na Sayansi sekondari kupitia mradi wa SMASSE wa mwaka 1998 wakishirikiana na JICA (shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa), mtiririko wao ulikuwa mwepesi kukariri: panga, fanya, tazama, boresha.

Shida yetu sisi ni kwamba mtu mzima akiingia nyuma ya darasa na daftari, mwalimu anaona mdhibiti ubora. Kwa hiyo wekeni sheria: anayeingia haandiki chochote kuhusu mwalimu. Anachagua watoto wanne, anakaa karibu nao, anaandika wanachofanya na wanachosema. "Mtoto wa dirishani kafungua fungu la kumi vizuri ila akahesabu upya vijiti vyote kutoka moja." Basi. Somo nalo ni la kundi, tumeliandaa wote, likianguka tumeanguka wote, hakuna cha "Madam hapa ulikosea". Na wa kwanza kufundisha awe mwezeshaji mwenyewe, usimtoe kafara mwalimu mgeni.

Vipindi vya hao wanaoenda kuangalia nani anavishika? Panga na mwalimu wa zamu siku moja kabla, la sivyo madarasa mawili yatapiga kelele na mkuu atakuwa na haki ya kufuta zoezi zima.

HATUA YA 7: Rudini mezani na maswali matatu ya jaribio

Kikao kinachofuata mje na kijaribio kifupi, maswali matatu ya aina ileile, mfano 503 − 267, afu pangeni tena mafungu. Fungu la 376 wa mwanzo limepungua? Limehamia wapi? Wakati mwingine mtakuta watoto wametoka kwenye kosa la kwanza wakahamia la pili, wengine wanakata tamaa hapo, lakini hayo ni maendeleo, wamejifunza kukopa, bado hatua moja. Mada ikiendelea kusumbua bakini nayo kikao cha tatu, hakuna anayewakimbiza. Kama imekaa sawa, swali jipya.

KUMBUKUMBU, GRUPU NA MODULI

Daftari moja tu la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila kikao: tarehe, waliokuwepo, swali, tulichokiona kwenye madaftari, tutakachojaribu, kilichotokea. Mdhibiti ubora akija mfungulie hilo, bandikeni na sampuli mbili za kazi za watoto humohumo. Mkianza kuandaa ripoti za kurasa kumi mratibu wenu atachoka kabla ya muhula kuisha.

Grupu la WhatsApp ni zuri kwa kutumiana andalio na picha za kazi za watoto, ila majina yafichwe na sura za watoto zisiwekwe. Matangazo ya misiba, mikopo na siasa yaende kwenye grupu la walimu wote, hili liwe la kazi tu. Na kumbuka sio kila mtu ana bando, kitu cha muhimu kibandikwe pia ubaoni ofisini.

Moduli za TET msizitupe, ila zigeuzeni. Badala ya kusoma moduli kuanzia mwanzo hadi mwisho, anzeni na swali lenu afu mtafute kipande cha moduli kinacholihusu, mmoja akisome nyumbani aje akieleze kwa dakika kumi.

KALENDA NA WATU KUONDOKA

Anzeni Februari, Januari waachieni uandikishaji na maazimio ya kazi. Kipindi cha UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) nusu ya walimu wako viwanjani, punguzeni. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, nyuma yake upimaji wa la nne, hapo msilazimishe vikao vipya, tumieni muda huo kuchambua mitihani ya majaribio tu kwa utaratibu uleule wa mafungu. Mkipata vikao kumi vya kweli kwa mwaka mmefanya kazi kubwa.

Kila mwisho wa muhula mwezeshaji mmoja apumzike aingie mwingine. Mwalimu mpya akiripoti, mpeni lile daftari la kaunta asome wiki yake ya kwanza, afu kikao chake cha kwanza aje na madaftari matano ya darasa alilopewa, hata kama hajayajua majina ya watoto bado.